Vita vya Mama Tarishi na Kabati la Ushirikiano

Nyamazeni, enyi mliopata viti na ninyi mliosimama mlangoni. Nawe uliye dirishani, weka simu chini, maana sirudii. Nawasimulia vita vya Mama Tarishi, jemadari wa bahasha, mwenye goti bovu na moyo mzima, aliyeyaunganisha mashirika mawili yaliyowashinda wataalamu.

Shirika la Maji na Shirika la Afya yalipanga ghorofa moja, yakitenganishwa na ukuta, kila moja na ngazi yake. Ukutani palikuwa na mlango: upande wa Afya umetiwa komeo, upande wa Maji umezibwa na kabati. Miezi saba wakurugenzi walisaka mfano bora wa ushirikiano. Wakachora duara, wakachora pembetatu, wakachora nguzo tano, na kila mchoro ukapelekwa kwa barua. Akabeba nani? Mama Tarishi, vidato arobaini kushuka, arobaini kupanda. Daktari alikwisha kumwonya: goti likizidi kuvimba, kazi basi. Na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wajukuu wanne.

Maji waliandika: "Tutasogeza kabati mkifungua komeo." Afya wakajibu: "Tutafungua komeo mkisogeza kabati." Watu wazima hao, jamani, na miwani yao.

Asubuhi ya Jumanne, barua ya sitini na moja mkononi, jemadari akagonga ukuta.

"Ewe mpika chai wa Afya, simba wa birika, wanisikia?"

"Nakusikia, mama, fahari ya bahasha. Nena."

"Nimechoka, mwanangu. Nikifika tatu, wewe vuta komeo, mimi nasukuma kabati. Tusimwandikie mtu."

"Na wakubwa wakiuliza?"

"Waambie tumeshirikiana."

Akatoa kabatini majalada ya mifano yote, akayalaza sakafuni, akaegemeza bega. Moja, mbili, tatu. Kabati likanguruma, komeo likalia, vumbi likapaa hadi darini, na mlango ukafunguka upana wa kiganja.

Wakurugenzi wakaja mbio, kila mmoja kwa upande wake, wakachungulia.

"Kumbe unakaa hapo?" akasema wa Maji.

"Tangu mwaka juzi," akasema wa Afya. "Karibu."

Basi na iandikwe, na wasiokuwepo wasimuliwe: siku ile barua ya sitini na moja ilifika kwa hatua mbili, na aliyeipeleka akavuta kiti, akanyoosha mguu, akakaa mpaka saa ya kwenda nyumbani.