Kuifukuza Damu Nyeupe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Waheshimiwa Machifu, Masheikh, Wachungaji na Wazee wa Kaya, Mabibi na Mabwana mlioletwa kwa lori kutoka Mkongani hadi Mackinnon Road: nimesimama hapa, katika mwaka huu wa pili wa Uhuru wetu, kwa wadhifa wangu wa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Programu Kuu ya Afya, kuifungua rasmi Wodi ya Damu. (Makofi, karani alipoashiria.)

Uchunguzi nilioufanya mimi binafsi, hotelini Diani, kwa siku kumi na nne, umebaini maradhi yaitwayo lukemia, maana yake damu nyeupe. Ndugu wananchi, mzungu tumemtoa ofisini, tumemtoa klabuni, kumbe alihamia mishipani. (Kicheko.) Kwa hiyo Kamati imeazimia, kwa kura asilimia mia moja na kumi, kuziafrikanisha damu zote za wilaya ifikapo Desemba.

Amenikatiza dresa Garama, muuguzi wa zahanati, akidai kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili na sote tunazo. Kwamba katika maradhi haya uboho wa mifupani huzaa askari wachanga kupita kiasi, wasiojua kazi, wakazisonga chembe nyekundu hata mgonjwa akapauka, akavilia damu bila kupigwa. Na kwamba viko vidonge vya kuwapunguza na damu ya kuongezewa, visivyoahidi kuponya ila vyaweza kumpa mtoto miezi, pengine miaka. (Sauti: “Wengi na hawajui kazi? Hiyo si kamati yako, bwana mkubwa?” Kicheko kirefu.) Jina la msemaji liandikwe.

Sasa amesimama Bi Mbodze, amembeba mgongoni binti yake wa miaka sita, Sidi. (“Shikamoo, bwana. Dresa asema ndiyo maradhi hayo. Ufizi wamtoka damu tangu Ijumaa. Niambie mlango ni upi, nimuingize.”) Mama, nimeitazama damu hiyo kwa macho yangu mwenyewe, na ni nyekundu kabisa. Hongera. Mtoto wako hana lukemia.

Damu nyekundu, juu. Damu nyeupe, kwao. (Machifu wanaitikia.)

Namalizia kwa shukrani kwenu nyote, na hasa kwako, Bi Mbodze, uliyeulizia mlango: utepe niliokata ulifungwa baina ya mibuyu miwili kwa sababu wodi haijawahi kuombewa fedha wala kuchorwa, na ya nini kuijenga, ilhali mgonjwa wake pekee nimekwisha kumponya?