Antena, Mama Mkwe na Ubeti wa Phelista

Jumanne, 10 Juni

Mshtuko! Rispah, kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu hapa Kiminini, amenisimamisha langoni asubuhi nikiwa na ndoo ya maziwa. Ati ile stesheni ndogo ya runinga ya Bungoma iliyowarekodi mwezi wa Oktoba, karibu na Kibabii, itarusha kipindi chao Jumapili hii saa kumi alasiri. Na Phelista yumo. Mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Ubeti wa pili ameimba peke yake.

Nilimwaga maziwa. Yote.

Mke wangu Phelista tulimzika Novemba. Sauti yake sina popote. Picha ninazo kumi na moja, na katika zote amefunga mdomo kwa sababu ya pengo. Simu iliyokuwa na sauti yake ilitumbukia chooni wiki ile ile ya matanga. Simu yangu, mikono yangu. Sitaandika zaidi.

Nikamwambia Rispah alete kwaya nzima kwangu Jumapili. Akauliza kwa upole kama runinga yangu inafanya kazi. Nikasema kabisa!

Nimeiwasha saa sita. Haifanyi kazi. Kioo cheusi na maandishi: hakuna mawimbi. Haikuwa imewashwa tangu matanga, tulipoitoa sebuleni ili waombolezaji wapate pa kukaa. Niliirudisha mimi mwenyewe, waya kwa waya. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa langu.

Jumatano, 11 Juni

Nimetafuta stesheni upya mara tisa. King'amuzi kinahesabu taratibu mpaka mia kwa mia, kisha kinatangaza kwamba kimepata sifuri. Sifuri! Hata moja ya mahubiri!

Phelista alikuwa akikipiga kwa ndala upande wa kushoto, mara moja tu, na kukiambia, "Amka, baba." Kiliamka. Mimi nimekipiga mara sita. Taa ikazimika kabisa. Nikaketi chini. Kumbe stima imepotea kijiji kizima.

Wakoli, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, aliona yote dirishani. Antena yake iko juu ya mlingoti wa mkaratusi, mrefu kupita paa la kanisa. Akaniita kwa sauti ya kufika barabarani: "Wekoye! Hiyo si runinga bana, hiyo ni kabati! Panga vikombe!" Akaongeza ati Jumapili niende kwake na kila mtu, viti anavyo, na picha yake ni safi kama maji ya chemchemi.

Nimwone mke wangu kwa Wakoli? Nimekaa kwenye stuli ya Wakoli? Kamwe.

Alhamisi, 12 Juni

Kitale. Duka la vifaa vya umeme la mzee Madanlal. Mzee hakuwepo, alikuwepo binti yake, Hemali. Nilikwenda tayari kununua king'amuzi kipya, antena mpya na waya mpya. Hakuniuzia kitu! Mwenye duka anakataa kuuza!

Aliniuliza antena yangu inaelekea wapi. Nikasema juu. Alifumba macho kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, nirudi nyumbani nifuate waya kutoka antena mpaka king'amuzi, niangalie unapoingia, halafu nigeuze antena ielekee Bungoma. Ikikataa bado, ndipo nirudi. "Usinunue kitu leo, mzee wangu. Tafadhali."

Nilimshukuru, nikatoka nikimhurumia. Biashara haiendeshwi hivyo.

Nje ya soko kulikuwa na bwana mwenye mkokoteni, mtu anayejua kazi yake. Ameniuzia kikuza mawimbi. Kisanduku kidogo chenye taa tatu. Ati hunasa hata Uganda.

Nyumbani: taa zinawaka vizuri mno. Stesheni: sifuri. Nimekigeuza pande zote. Hakina tundu la waya! Hakina hata tundu moja! Ndani kuna betri mbili tu. Nimekiweka dirishani. Kuku wamekuja kukitazama.

Ijumaa, 13 Juni

Nimegeuza antena kuelekea Bungoma, nikiifuatisha ile ya Wakoli. Nimeifunika kwa kifuniko cha sufuria. Nimeifunga rimu ya baiskeli. Sifuri, sifuri, sifuri. Waya sikuufuata. Niliufunga mwenyewe, naujua.

Saa tano nikawaza jambo. Wakoli akiwa na picha na mimi sina, kwaya yote itakwenda kwake. Wakoli asipokuwa na picha, mambo yatakuwa sawa. Si haki hiyo?

Wakoli alikuwa ameenda Naitiri kuona ng'ombe. Mlingoti wake umefungwa ukutani kwa waya. Niliulegeza, nikauzungusha mlingoti kidogo kuelekea Mlima Elgon. Robo tu. Hata hauonekani. Nilitaka picha yake iwe na chenga kidogo, basi.

Sikujisikia vizuri. Nimemwachia maparachichi matano mlangoni.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui niandikeje.

Nilikuwa juu ya paa na kaptura yangu ya shambani, ile iliyochanika nyuma. Antena mkono huu, kifuniko cha sufuria mkono ule. Nikasikia hodi. Nikatazama chini. Mama mkwe!

Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai sebule moja. Miaka thelathini na moja nimemjua Mama Nabwile kwa kitambaa chake cha kichwa na kisigino. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi, naye anaingia upande wa pili. Leo nimesimama juu ya kichwa chake! Na kaptura ile!

Nililala kifudifudi nyuma ya kipeo cha paa. Mabati yalikuwa ya moto kama kikaango. Yeye akageukia zizi na kuanza kusema na ng'ombe.

"Ng'ombe, mwambie mwenye boma nimetoka Naitiri na miguu yangu hii mibovu. Nimekuja kumsikia mtoto wangu. Watu wamesema ataimba hapa."

Nikajibu kutoka juu: "Ng'ombe, mwambie mama karibu sana. Chai iko jikoni. Na mwambie ataimba. Lazima ataimba."

"Ng'ombe, mwambie pia avae suruali."

Akaenda kulala kwa Rispah. Mimi nilibaki pale mpaka mvua ya saa tisa. Lazima ataimba! Nilisema lazima!

Jumapili, 15 Juni

Saa tisa na nusu akina mama wote wa kwaya walikuwa sebuleni, wamevaa sare. Mama mkwe alikaa nje chini ya upenu wa jikoni, ametupa mgongo. Kioo cheusi. Hakuna mawimbi.

Saa kumi kasoro robo Rispah akanishika bega, akasema si vibaya, twendeni kwa Wakoli. Wakaanza kusimama. Hapo hapo lango likafunguka. Wakoli! Nyuma yake wageni wake wote, kila mtu na kiti kichwani. Ati runinga yake imekufa tangu jana, upepo umegeuza antena, na ngazi amemwazima mtu. "Wekoye, tumekuja kwa kabati lako. Hatuna pengine."

Nyumba mbili, runinga mbili, hakuna picha. Nikatazama nje, nikaona mgongo wa yule mama. Amekuja na miguu mibovu kumsikia mwanawe, na mimi nimezima kila mahali palipokuwa na sauti yake.

Nikasema si upepo. Ni mimi.

Wakoli akateremsha kiti. Akaniuliza kama yale maparachichi pia ni yangu. Nikasema ndiyo. "Wewe ni mtu mbaya sana," akasema, "lakini parachichi lako halina kifani." Akaketi.

Rispah hakusikiliza haya. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya runinga. Akauliza kwa nini waya wa antena umechomekwa kwenye tundu la kutoa la king'amuzi, na tundu la kuingiza liko wazi. Nani aliufunga hivi?

Akauhamisha. Kikahesabu. Stesheni ishirini na sita! Ishirini na sita!

Saa kumi na dakika sita. Kwaya kwenye kioo, ubeti wa kwanza ukielekea mwisho. Nilimwona. Kitambaa cha buluu, kichwa kimeinama kidogo kulia, kama alivyokuwa akipepeta mahindi. Labda kwa muda wa kuhesabu mpaka tano.

Kisha nikaona hakuna anayetazama runinga. Wote wananitazama mimi, halafu mlango. Mama mkwe hawezi kuingia nikiwa ndani.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nikasikia Rispah akimwingiza kwa mlango wa mbele, na fimbo yake sakafuni.

Ubeti wa pili niliusikia nikiwa zizini, sikio ukutani. Kile kipumzi kidogo kabla ya noti ya juu, kama cha mtu anayetaka kuinua debe la maji. Nilikuwa nimekisahau. Namna gani mtu anasahau kitu kama kile? Ndani Mama Nabwile alisema kwa sauti kubwa, "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!"

Wakoli alikuja akasimama karibu nami. Naye akaweka sikio ukutani. Wakoli!

Jumatatu, 16 Juni

Habari za kushtua. Rispah anasema watu wengi wamepiga simu, na stesheni itarudia kipindi Jumapili ijayo. Mama mkwe ameridhika, amerudi Naitiri. Mara hii nitakaa sebuleni mwanzo mpaka mwisho. Rispah ameniapisha nisiguse chochote. Waya uko sawa, antena iko sawa, niketi tu. Nimeapa.

Lakini picha ina mstari. Chini, upande wa kulia, mwembamba kama uzi. Nimeutazama asubuhi yote. Sitaki uzi upite mbele ya Phelista.

Nimepanda paani saa sita kuigeuza antena. Robo tu. Niliposhuka, mstari haupo tena. Picha pia haipo. Basi nikakifungua king'amuzi kwa kisu cha mkate, nikakipangusa ndani kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikakifunga vizuri. Skrubu tatu zimebaki mezani. Waliokitengeneza waliweka za ziada, uzembe wa ajabu.

Stesheni: sifuri. Si kitu. Jumapili ni mbali, na sasa najua kinavyofanya kazi.