Ukitaka Kuongea na Mwenye Nyumba, Bonyeza Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Siku kubwa katika kibanja hiki! Shaban, fundi wa intaneti kutoka Bilele mjini, alikuja asubuhi na pikipiki, ngazi na waya begani. Kufikia mchana simu ilikuwa mezani. Nyeusi, nzito, ina kioo kidogo na vibonye vya kutosha. Haitumii laini kabisa. Inatumia intaneti. Mimi, Evarist Lwakatare, mstaafu wa ushirika, nina simu ya ofisini sebuleni kwangu hapa Ijuganyondo!

Mke wangu Felicitas alikuja kuitazama, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Akauliza ile ya mfukoni ina ugonjwa gani. Nikamweleza taratibu kwamba simu ya mfukoni siku hizi kila mjinga anayo. Akasema ndiyo, hata yeye anaishi na mmoja. Sikuelewa anamsema nani. Akarudi jikoni.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Binti yetu Kemilembe, muuguzi kule Muleba, amepata mchumba. Kijana anaitwa Mutalemwa, ni mwalimu, mpole, anakula vizuri. Baba yake ni Mzee Nathanieli Kamala wa Kamachumu, mzee wa kanisa, kahawa yake inashuka mpaka bondeni. Wiki hii Mzee Nathanieli atanipigia kutaja siku ya kuja kumposa binti yetu. Sasa mtu wa namna hiyo anikute kwenye kisimu kinachotetemeka ndani ya suruali, katikati ya migomba? Haiwezekani.

Halafu kuna jirani yangu Apolinary. Mwaka jana aliozesha binti, na mpaka leo anatangaza kwamba wakwe zake walimwita mheshimiwa. Tutaona.

Jumanne, 4 Novemba

Shaban amenifundisha jambo zito. Simu hii inaweza kumpokea mtu yenyewe! Inaongea kwa sauti niliyoirekodi, kisha inamwelekeza mtu abonyeze wapi. Mimi nakaa tu, nasubiri taa nyekundu. Ikiwaka, maana yake kuna mtu anapokewa.

Shaban alitaka nirekodi maneno mawili tu, karibu na bonyeza moja. Nikamwambia yeye ni kijana wa mjini. Huku kwetu mtu mzima huwezi kumwamrisha abonyeze kitu hujamsalimia. Nimerekodi salamu nzima. Nimeanza na wasibota waitu, kwa Kihaya, halafu nikaendelea kwa Kiswahili: habari za nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, na kahawa imeiva namna gani. Kila swali nimeacha nafasi ya kutosha ili mtu ajibu kama binadamu. Mwishoni: ukitaka kuongea na mwenye nyumba, bonyeza moja. Mama mwenye nyumba, mbili. Masuala ya ndizi na kahawa, tatu. Usipobonyeza, inaanza upya. Zote zinaita simu hiihii, lakini anayepiga atajuaje?

Jogoo aliwika katikati. Nimemwacha, analeta uhai.

Nimemwomba Apolinary ajaribu. Alipiga akiwa upande wa pili wa ua, namsikia kwa masikio yote mawili. Alicheka mpaka akashika mti. Akauliza mwenye kuuliza habari za ng'ombe yeye ana ng'ombe gani. Wivu ni kitu kibaya sana.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa! Balaa tupu!

Ilianza vizuri. Saa nne taa nyekundu iliwaka. Kwenye kioo, namba ya Mzee Nathanieli! Nilikuwa nimevaa tai tangu asubuhi. Nikakaa wima, mikono mezani, nikisubiri simu iite. Haikuita. Taa ikaendelea kuwaka. Nikasema moyoni Mzee anafurahia mapokezi. Nikamwita Felicitas aje aone mtu anavyopokewa. Akatazama taa, akatazama tai, akaondoka. Baadaye taa ikazimika.

Haikupita muda Kemilembe akampigia mama yake kwenye kile kisimu, analia. Mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Edvina, alikuwa amemweleza yote.

Mzee Nathanieli alipiga amesimama, kofia mkononi, kwa sababu anaongea na wakwe. Aliposalimiwa akaitikia. Akajibu swali la watoto mmoja mmoja. Kwenye ng'ombe akaeleza kwamba yule mwekundu amezaa kwa shida, wakamvuta ndama kwa kamba, na ndama amepona. Akanyamaza apewe hongera. Sauti ikamuuliza habari za mvua! Akameza, akajibu ya mvua. Akaambiwa abonyeze moja. Simu iko sikioni, hajui abonyeze nini, na hakuna mtu aliyemwamrisha kubonyeza kitu tangu abatizwe. Akasubiri. Sauti ikaanza tena, wasibota waitu. Akaitikia tena, muungwana yule! Ilipokuja mara ya tatu, na jogoo wake, Mzee akavaa kofia. Alimwambia Mama Edvina kwamba Lwakatare ama amelewa lubisi ya ndizi kabla ya mchana, ama anamchezea. Hatapiga tena. Hakuna posa.

Felicitas amerudi kwenye kisu chake. Amemenya ndizi mkungu mzima na sisi tuko wawili.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeomba radhi. Felicitas alinipa kisimu chake nitumie. Nilikataa. Mtu haombi radhi nzito kwa simu nyepesi. Nikapiga kwa ile ya mezani, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Felicitas akapiga magoti pembeni ya meza kusalimia wakwe, ingawa hakuna aliyemwona. Nilimwambia hawamwoni. Akasema Mungu anamwona, na mimi ananiona pia.

Tatizo likawa jingine. Shaban hakuniambia kwamba maneno yakipita kwenye intaneti siku mtandao ni mzito, yanachelewa. Nasema pole, kimya. Nadhani hakusikia, naanza tena, na yeye ndipo anaanza. Tukawa tunagongana kama watu wawili mlangoni. Mwishowe akauliza kwa ukali kama namsikia. Nikapaza sauti: ndiyo mzee, kabisa, bila wasiwasi wowote!  Halafu akasema, sauti imebadilika, kwamba basi sawa, ni Jumanne, atawaambia watu wake wajiandae. Nikiwa nafungua mdomo umeme ukakatika. Simu hii umeme ukikatika inakufa hapohapo.

Lakini ametaja siku! Jumanne! Nilicheza kuzunguka meza. Nikamwambia Felicitas aanze kufikiria vyombo.

Jioni Kemilembe akapiga. Akauliza taratibu sana, kama anaongea na mgonjwa wake: baba, ni kweli umekubali kwenda Kamachumu kumposa Mutalemwa?

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee aliuliza kama namsikia, kisha kwa hasira yake akaongeza kejeli: au nataka yeye akae kwake, mimi baba wa binti ndiye nifunge safari nikaombe kijana? Ndiyo mzee, kabisa, bila wasiwasi wowote. Ikafika hapo! Kwenye swali la pili!

Tangu Wahaya wawepo, baba wa binti hajawahi kwenda kuposa. Mimi ndiye wa kwanza.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikwenda jumuiya kusali, nikakuta habari imetangulia. Apolinary akanipa mkono wa pongezi mbele ya watu wote. Akauliza huyo kijana nitamtolea mahari gani, na kama amefundwa kupika. Hata wanawake waliokuwa kwenye sala ya kuombea wagonjwa walicheka.

Niliporudi nikajilaza. Nikatangaza tumbo. Mgonjwa hasafiri, na mtu akishindwa kusafiri kwa ugonjwa hajavunja ahadi. Felicitas akaleta kikombe kizima cha dawa ya majani ya mululuza, mchungu wa kutoa machozi, akasimama mpaka niumalize. Nimepona.

Kemilembe akaja na gari la mchana. Nilidhani atanicheka, nikatayarisha uso wa mzaha. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu, mbele ya simu, akasema anampenda yule kijana. Akasema akimkosa kwa ajili ya vibonye vyangu, atanisalimia kila siku kama kawaida lakini hatasahau. Jamani, iliniuma. Mtoto huyu nilimbeba mabegani kwenda naye kliniki. Nimeshindwa hata kula senene aliotuletea, na walikuwa wamekaangwa vizuri.

Nimemwahidi kwamba Jumanne nitakwenda, na nitanyenyekea.

Jumapili, 9 Novemba

Kunyenyekea nimeahidi. Lakini nimepata akili kanisani, wakati wa mahubiri. Tukifika nitasema nimekuja kutazama kahawa. Mtu wa ushirika kutazama kahawa ni jambo la kawaida! Posa itajitokeza yenyewe katikati ya mazungumzo, na hakuna atakayesema Lwakatare aliposa mwanamume.

Sijamwambia Felicitas. Ana mambo mengi.

Jumanne, 11 Novemba

Tumekwenda. Kwa pikapu ya Apolinary! Hapakuwa na gari jingine la kubeba dumu la lubisi na mkungu wa ndizi. Njia nzima alikuwa ananiita bibi harusi. Alikataa kabisa kubaki nje.

Kamachumu watu walijaa mpaka kwenye migomba. Nadhani hata wasiohusika walikuja kuona baba wa binti anayeposa. Tukapewa viti. Tukaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, nami nikachukua punje kadhaa nipate nguvu. Mzee Nathanieli alikaa mbele yangu, kofia kichwani, hacheki. Kemilembe alisimama nyuma karibu na mlango wa jikoni, anajifuta mikono iliyokuwa mikavu.

Nikasimama. Nikasema nimevutiwa sana na kahawa ya upande huu.

 Mtu mmoja akakohoa. Nikamwona mwanangu amefumba macho.

Kumbe Felicitas alikwishapiga magoti. Akasema kwamba waitu, hatujaja kuposa wala kutazama kahawa. Tumekuja kumshtaki mtoto wetu mdogo, yule wa mezani, mweusi. Hana adabu. Alilelewa na baba yake peke yake, na nyumba ile baba akianza kufundisha, mama hasikilizwi. Ameuliza habari za mkubwa wake na hakusubiri jibu. Tumeleta lubisi ya kumsafishia mdomo, na mama yake anaomba radhi kwa niaba yake na kwa niaba ya aliyemlea.

Mama Edvina ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Apolinary, kama kawaida yake. Mwishowe Mzee Nathanieli akacheka mpaka kofia ikaanguka, na hakuiokota. Akamwinua Felicitas kwa mkono wake mwenyewe. Akamshukuru kwa Kihaya, kasinge, akasema yamekwisha. Tena akasema jambo ambalo sikulitegemea: tangu yule ng'ombe azae, hapo nyumbani hakuna aliyemuuliza habari zake. Aliyemuuliza ni ile sauti peke yake.

Wao ndio watakaokuja Ijuganyondo, kwa utaratibu, kama inavyotakiwa. Atapiga simu kutaja siku. Kemilembe alinikumbatia. Akaomba kitu kimoja tu, simu ile niitoe sebuleni. Nikaapa mbele ya watu. Nilitokwa na machozi, nikasingizia moshi wa jikoni.

Wakati tunaaga, Mzee Nathanieli akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya mti mmoja mnene wa kahawa. Akatazama kushoto na kulia. Akauliza mashine ile inapatikana wapi.

Jumatano, 19 Novemba

Leo nilimwambia Felicitas nakwenda kutazama miche. Nilikwenda Kamachumu na Shaban. Mzee Nathanieli amefungiwa yake, iko juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha Mama Edvina. Alitufukuza sebuleni wakati wa kurekodi. Tulisubiri nje mpaka kahawa tuliyopewa ikapoa, na bado alikuwa anarekodi.

Yangu nimeitoa sebuleni kama nilivyoapa. Iko chumbani. Ahadi ni ahadi.

Jumapili, 23 Novemba

Mzee hajapiga kutaja siku, Kemilembe ameanza kuuliza, basi baada ya misa nikaamua kupiga mimi. Ikapokelewa mara moja. Wasibota waitu! Sauti ya Mzee Nathanieli, nzito, ya madhabahuni. Nikavua kofia, nikasimama.

Akaniuliza nyumba, mke, watoto. Akauliza ng'ombe, nikasema hawajambo, nifanyeje. Akauliza mvua, kahawa, migomba na mnyauko, kanisa, padri wetu, ndugu walioko Karagwe, goti langu. Goti langu! Alilikumbuka! Ningeweza kubonyeza moja wakati wowote, lakini nani anamkatiza mkwe akiwa katikati ya salamu? Nikajibu yote. Ilipofika mwisho nikawa bado naeleza goti, ikaanza upya. Nikaitikia tena. Ndiyo adabu.

Felicitas ameingia sasa hivi na kisimu chake sikioni, anacheka na Mama Edvina. Amesema wamekwishapanga, wageni wanakuja Jumamosi tarehe 6 Desemba, na Kemilembe ameambiwa, amepiga vigelegele wodini. Nimemwonyesha kwa mkono asinisumbue, niko na mkwe.

Naandika kwa mkono mmoja. Mzee amerudi kwenye mvua. Nakiri salamu yake ni ndefu kuliko yangu, na imetulia. Hili haliwezi kuachwa hivihivi. Shaban anasema ziko mashine za getini: mgeni hafunguliwi mpaka asalimiwe, ajibu yote, kisha abonyeze. Nimemwagiza. Tarehe sita, ukoo wote wa Kamala utasimama pale nje na utajua umefika kwa nani.