Dumu Lililofungwa Mdomo

Jumatatu, tarehe 4

Haya uliiuza wapi, wifi? Umekuja kwangu, umekalia kiti changu, umekunywa chai yangu, kisha ukatangaza kwamba Jumamosi kinywaji utaleta wewe. Wageni wenyewe wa nani? Anayeposwa ni mjukuu wangu. Wewe ni dada wa marehemu mume wangu, na hata yeye alikuwa akikukimbia.

Kila shughuli ni juisi yake ya pasheni. Watu wanalamba midomo, wanasema hakuna kama yeye. Safari hii nitatengeneza nanasi na tangawizi, pasheni yake ibaki inatazamwa na nzi.

Mjukuu ameniandikia kikaratasi. Chemsha maganda, chuja, poza, inywewe siku hiyohiyo. Watoto wa siku hizi hawana subira. Achari ya siku moja ina ladha gani? Naanza kesho.

Jumanne, tarehe 5

Mananasi sita na tangawizi. Nimeyaponda kwenye kinu, maganda humohumo. Sikuchemsha, moto unaua harufu. Sukari kilo mbili na nusu. Kikaratasi kilisema vikombe viwili, lakini kikaratasi hakijawahi kukaribisha wageni.

Nimemimina kwenye dumu. Wifi ana pua ya paka, akinusa tu kesho anaiga. Kwa hiyo nimekaza kifuniko, nikakizungushia mpira wa baiskeli, nikadondosha nta ya mshumaa juu. Liko stoo, kwenye ukuta unaopigwa na jua. Joto hukoleza.

Jumatano, tarehe 6

Mjukuu kaja na habari. Baba wa mchumba wake, fundi saa, aliacha pombe miaka minane iliyopita. Ilimlaza hospitali, na daktari alimwambia tone moja tu litamrudisha alikotoka. Kaniuliza kinywaji changu kikoje. Nikamjibu kwamba sijaonja pombe tangu nizaliwe, nitaitengenezaje nisiyoijua? Nanasi ni nanasi.

Kaomba nimfungulie aone. Nimekataa. Yeye na wifi wanapigiana simu.

Alhamisi, tarehe 7

Dumu limenenepa. Dalili njema. Mtoto akinenepa unashukuru Mungu, humkimbizi kwa daktari.

Nimefungua nionje. Limetoa pumzi ndefu kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Bilauri mbili. Inachoma kooni; tangawizi hiyo. Halafu nikaona nimpigie wifi simu, nimsamehe makosa yote tangu siku ya harusi yangu. Nikaimba kidogo. Nikalala mkekani saa nane, nikaamka jua limezama. Kuponda mananasi kunachosha.

Nimelifunga tena. Mipira miwili.

Ijumaa, tarehe 8

Kichwa kinagonga. Upepo huo.

Nimempigia wifi, nimeufuta msamaha.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika wageni wameshaondoka.

Wageni walifika saa nne. Fundi saa ni mwembamba, mpole, anaongea taratibu kama anayehofia kuamsha mtoto. Nikamwambia asinywe hata maji, asubiri kinywaji changu. Akasema ana kiu kweli, akashika bilauri tupu akingoja.

Nikachukua jagi. Sijafika hata mlangoni mwa stoo, mlio. Nyumba nzima ikaruka.

Wifi alikuwa ndani. Kasimama katikati ya stoo, nanasi linamchuruzika usoni, ganda limemnata sikioni, mipira yangu miwili ya baiskeli iko mkononi mwake. Kifuniko kimekwama darini. Akasema alikuwa anatafuta ufagio.

Mjukuu akaja mbio. Akanusa, akafunga mlango nyuma yake. Akaninong'oneza kwamba hii ni pombe, Bibi, tena kali.

Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Fundi saa bado kaishika bilauri yake, anangoja. Nikakaa juu ya gunia la mkaa. Ningemjazia mpaka juu. Ningemhimiza aongeze, kwa sababu nisiposifiwa mara mbili siridhiki. Mtu mzima, miaka minane, na mimi ndiye ningemwangusha mbele ya mwanawe.

Wifi akaketi kando yangu, amelowa. Nilimtoa lile ganda sikioni.

Wageni wakaambiwa dumu la maji limepasuka. Wakanywa pasheni ya wifi. Fundi saa bilauri tatu, akaondoka kwa miguu yake iliyonyooka, akiwa mzima. Nilimtazama mpaka akakata kona. Harusi imepangwa mwezi ujao. Nimeshukuru Mungu, na nimemshukuru wifi, lakini yeye nimemshukuru kimoyomoyo.

Jumapili, tarehe 10

Nimelala vizuri. Nimelifikiria jambo hili kwa makini na nimeona kosa liko wapi. Dumu. Plastiki ya siku hizi haina uvumilivu.

Mjukuu ameniapisha kwamba nanasi lisiingie tena humu ndani mpaka harusi ipite. Nimeapa. Maembe hakuyataja, na embe ni tunda pole, haliwezi kumfanyia mtu ujeuri. Nikianza sasa litakuwa na mwezi mzima wa kukolea.

Wifi aje asubuhi na ngazi anitolee kifuniko darini. Na fundi bomba wa jirani alete pipa lake la chuma, lile ambalo mfuniko wake unakazwa kwa spana. Spana pia ailete.