Plagi ya Tatu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Gari linamisi, mpigo mmoja wa injini haushiki. Tuk, tuk, kimya, tuk. Leo siku ya kumi na moja tangu Milembe achukue watoto akarudi kwao Bukundi, wilaya ya Meatu. Ugali nimepika mwenyewe. Chini umeungua, juu mbichi.

Ujumbe umefika kutoka kwa baba mkwe, Mzee Ngeleja. Wazee watakaa Jumamosi asubuhi. Nifike mwenyewe, nieleze kwa nini pamba aliyoipalilia mke wangu nilimpa mnunuzi binafsi kutoka Mwanza, nikachukua pikapu kuukuu badala ya pesa. Nisipofika, watajua simtaki.

Simtaki! Nyumba bila Milembe ni ghala baada ya msimu. Hata kuku wananitazama kama nimewakosea. Nitafika. Lakini nitafika kwa gari langu. Mkwe anayeshuka kwenye lori la watu, vumbi mpaka kwenye kope, ana nini cha kuwaambia wazee?

Jumanne, 9 Julai

Fundi Salu kaja. Aliwasha injini, akawa anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, haikujali kabisa. Akasema basi mgonjwa ni huyo, plagi ya tatu imekufa, niweke nyingine. Kazi ya dakika tano.

Nimezunguka maduka yote ya Bariadi. Tangu biashara iachiwe huru tuna sabuni za nchi saba na kanda za redio hadi kwenye maduka ya nyama. Plagi ya gari langu hakuna. Mpaka Mwanza.

Jirani yangu Kasmiri, wakala wa pamba, ana pikapu ya aina ileile. Yake haijawahi hata kupiga chafya. Jioni alichungulia juu ya ua wa minyaa, akasema Ijumaa alfajiri anakwenda Bukundi kubeba pamba, nafasi ipo, kaka Shigela twende wote. Nikamjibu kwamba tutapishana njiani, mimi nikiwa narudi. Huruma ya mtu huyu inaniuma kuliko matusi.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata akili! Plagi ipo hapahapa, hatua ishirini, ndani ya gari la Kasmiri.

Mchana alikwenda kwenye mzani wa pamba kwa baiskeli. Nikapenya uani kwake, nikafungua plagi yake ya tatu, nikamwekea ile yangu mfu. Si wizi. Plagi zake bado ni nne. Nitamrudishia yake nikisharudi na mke.

Kwa furaha nikachomoa nyaya zangu zote nikaziosha kwa petroli. Ziling'aa! Kisha nikasahau upi ulitoka wapi. Si tatizo. Kwenye kile kifuniko zinakotokea nilizipanga kwa mzunguko, kwa heshima yake: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa, awe mtu awe waya.

Alhamisi, 11 Julai

Haliwaki. Linapiga mizinga kupitia bomba la moshi. Mbuzi wa jirani Mama Nyanjige kakata kamba, hajaonekana.

Salu alisikia kishindo, akaja. Akasema nyaya nimezikosea: baada ya wa kwanza anafuata wa tatu, halafu wa nne, wa pili ndiye wa mwisho. Nikamwuliza huyo wa pili amekosa nini. Nani amewahi kuona mdogo anaolewa dada yake bado yuko nyumbani? Akasema injini haina ukoo. Nikamfukuza. Mafundi wa namna hii wanakuharibia leo ili uwaite kesho.

Ijumaa, 12 Julai

Nimejishusha. Alfajiri nilibeba begi nikaenda kwa Kasmiri kuomba ile nafasi.

Boneti wazi. Gari lake linamisi. Salu kainama, anachomoa waya mmoja mmoja. Wa tatu, injini haikujali.

Kasmiri alisema haelewi, juzi lilikuwa zima. Pamba ya Bukundi sasa itabebwa na wengine. Halafu akanigeukia, akanipa pole mimi! Akasema alikuwa amepanga kuniingiza mwenyewe kwa Mzee Ngeleja na kunitetea. Malori ya Meatu nayo yalikwisha kuondoka.

Ningesema. Neno moja tu, na sote tungekuwa safarini. Badala yake nikainama kando ya Salu. Nikamshikia spana. Nimejichukia siku nzima.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi, mtu asione, nilipanga nyaya kama alivyosema Salu. Moja, tatu, nne, mbili. Likawaka, likatulia kama cherehani! Machozi yalinitoka. Nikavaa shati jeupe, nikaondoka.

Nilifika Somanda, hapahapa Bariadi. Likazima. Petroli imekwisha, nyingi nilioshea nyaya.

Wasabato walikuwa wanakwenda kanisani. Nikawaomba wanisukume. Wakasema kwa upole kabisa kwamba watakuja jua likizama. Nikakaa ndani ya gari natazama saa. Saa nne. Saa sita. Huko Bukundi wazee walikuwa wamekwisha kunyanyuka.

Alhamisi, 18 Julai

Kasmiri amerudi kutoka Mwanza na plagi. Alinunua mbili, moja ya kwangu. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Mchana akafika shemeji yangu Ng'washi, kaka yake Milembe, akiswaga ng'ombe sita. Siku nne njiani. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwadila. Akaitikia kwa adabu, akakataa kiti, akakataa hata maji. Akasema baba yake anarudisha mahari. Ng'ombe wawili wamebaki kwa ajili ya watoto wawili. Akasema pia kwamba Jumamosi Milembe alikaa nje tangu asubuhi, amevaa kitenge chake cha safari, furushi miguuni, akisikiliza kama kuna gari. Kisha shemeji akaondoka.

Nimelia mbele ya ng'ombe. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga mzigo.

Jioni nimetafakari kiume, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa injini. Pale Somanda kuna mtu anauza lori kwa ng'ombe sita. Nimelikagua. Matairi yapo, viti vipo, honi inalia. Injini iling'olewa zamani, kwa hiyo haliwezi kumisi. Kesho nampelekea ng'ombe, Jumamosi namfuata Milembe.