Mpira wa Manyoya wa Mzee Nyasi

Sisi tunakaa kwenye benchi la Fundi Viatu, na hatuna kazi ya haraka. Asubuhi ile redio ilisema kuna mpira wa gofu wa zamani, wa ngozi, umeuzwa mnadani kwa bei ya nyumba. Mwenzetu tunayemwita Ushahidi akaguna. Huyu alikuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu haamini hata mvua mpaka alowe.

Mzee Nyasi hakuguna. Alikata nyasi kwenye uwanja wa gofu miaka thelathini, na kila mpira mkuukuu aliopata alikwenda kuutia kwenye boksi chini ya kitanda. Mkewe alikuwa amempa hadi Jumamosi: boksi litoke, au atoke nalo. Akanyanyuka bila kuaga, akarudi na kimpira cha ngozi, kimebabuka rangi, kigumu kama jiwe.

"Waliousema ni kama huu," akasema.

Akatueleza alivyosimuliwa klabuni. Zamani fundi alishona vipande vya ngozi iliyolowa, akavigeuza, akaacha kitundu. Kisha manyoya ya bata yaliyochemshwa, ya kujaza kofia nzima, yanashindiliwa humo kwa chuma kinachosukumwa na kifua. Vikikauka, ngozi inabana, manyoya yanatanuka. Fundi hodari alitoa mipira mitatu kwa siku, na kifua hakikudumu.

"Kofia nzima, humu?" Ushahidi akauliza. "Kofia ya nani?"

"Ya mtu mzima."

"Na hayo manyoya umeyaona?"

"Sijayaona."

"Basi unataka kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Akikuuliza kuna nini ndani, utamjibu umesikia?"

Tukabishana hadi chai ikapoa. Mimi niliona hoja ina uzito, na mpaka leo najilaumu. Fundi Viatu akasema atafumua nyuzi mbili tu, tuone, afunge. Ameshona buti za askari, kimpira hakimshindi. Nyasi akakubali kwa kichwa. Aliyeushika mpira ni mimi.

Uzi wa pili ulipokatika, manyoya yakaanza kutoka. Hayakuwa na haraka. Yalijaza kiganja changu, yakajaza kiatu cha mteja, yakamwagika chini. Ushahidi akaokota moja, akaliangalia juani.

"Ni manyoya," akasema. "Nimeridhika."

Fundi akayashindilia kwa bisibisi mpaka jasho likamtoka. Yaliingia robo, ngozi ikachanika. Akaweka bisibisi chini taratibu.

"Yule aliyeushona alikuwa fundi," akasema. Tulikuwa hatujawahi kumsikia akimsifu mwingine.

Ndipo shemeji yetu, mke wa Nyasi, akatokea mbio, nywele zimesukwa upande mmoja. Habari ya redio ilikuwa imemkuta saluni. Hakutusalimu. Akamshika mumewe mkono mbele yetu sote.

"Baba, nisamehe," akasema. "Miaka yote hii nakuita mwokota takataka. Kumbe ule mpira wako wa ngozi una thamani kweli?"

Nyasi alikuwa amesimama juu ya manyoya. Aliisubiri kauli hiyo miaka thelathini, na sasa imekuja, naye hawezi kuinua uso. Sote tukatazama chini. Ni Ushahidi peke yake aliyeona swali limeulizwa na linastahili jibu. Akaangalia saa yake.

"Ulikuwa nayo, shemeji," akasema. "Mpaka saa nne na robo."