Mimi, Mumbe na Mawe ya Chuo Kikuu

Jumanne, 4 Juni 1996
Nimekuwa mwanachuo! Chuo kikuu kimefungua darasa la wazee hapa Voi, katika ukumbi wa kanisa. Somo: mawe, udongo na maji ya Taita Taveta. Watu nimewaambia nina kiu ya elimu. Ukweli: rubi, yale mawe mekundu ya thamani. Wasomi wanajua ziliko. Nitawachota siri hiyo polepole. Shamba letu la Kasigau tayari lina mnunuzi. Likiuzwa, nanunua vifaa vya kuchimbia.

Pigo: kwenye foleni ya kujiandikisha nimemkuta mke wangu, Mumbe! Anataka kujua kwa nini kisima cha shamba hilo kina maji ya chumvi. Kanisihi nisiuze hadi masomo yaishe. Nimekubali. Mimi ni mtu wa huruma. Tena mnunuzi yuko safarini.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekaa mbele. Mwalimu wetu, Daktari Peris, ni mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Nikamuuliza kisomi kabisa: mtu fulani, si mimi, akitaka rubi, aanze kuchimba wapi hasa, na je, ni karibu na barabara? Ukumbi ukacheka. Aliyecheka zaidi ni Harith, mwenye duka la vitambaa, anayenishinda drafti kila Jumapili kwa bahati tu.

Kisha Mumbe akanyoosha mkono. Mbona majirani wa juu, karibu na mlima, wanachota maji matamu, na sisi wa chini chumvi? Mwalimu akaweka chaki chini. Akasema swali kama hilo ndilo lililomfanya asomee mawe. Akaiokota tena, akachora mlima, ubao mzima! Mumbe hakupepesa macho. Mwanamke yule! Nikamnong'oneza Harith kwamba huyo ni mke wangu. Akasema anajua, na mtaa mzima hushangaa.

Jumanne, 11 Juni
Siri nimeipata! Mwalimu amesema rubi huweza kupatikana karibu na mwamba mweupe. Nyuma ya duka la Harith kuna kitu cheupe kimechomoza ardhini! Nimejitolea kumchimbia shimo la taka, bure, kwa ujirani mwema. Alikubali upesi mno. Hata sepetu akaleta.

Alhamisi, 13 Juni
Mgongo umekufa. Lakini mwamba ni mweupe kweli!

Jumamosi, 15 Juni
Nimempelekea mwalimu kipande, nimekifunga kwenye leso. Akakigeuza kwa upole, akauliza nimekitoa wapi. Harith akanijibia:

"Hiyo ni simiti ya choo cha marehemu baba. Nashukuru kwa shimo, ndugu yangu."

Wazee walicheka hadi machozi. Mumbe akasimama. Akasema mume wake angalau ameshika sepetu akaangalia kilichoko chini. Je, wao wameangalia nini? Nilitamani kumpigia makofi.

Jumamosi, 29 Juni
Darasa zima Kasigau. Mumbe katuongoza. Alionja maji ya kisima, akatazama mteremko, akaponda udongo kiganjani. Akaeleza: maji hushuka mlimani yakiwa matamu, chumvi huiokota huku chini. Basi tuchimbe kule juu, kwenye kona ya shamba inayopakana na mlima. Mwalimu akasema hata yeye angechagua hapo, ila ardhi yenyewe ndiyo itakayosema. Tukachimba kwa zamu. Tukaondoka jua likiwa bado lipo, ndovu wasitukute.

Jumamosi, 6 Julai
Maji! Kwanza tope, kisha yakatulia. Mumbe akanywa wa kwanza. Akanipa kikombe. Matamu! Harith, mtu asiyekubali kanzu yake iguswe na vumbi, alikuwa tope hadi magotini, akimshukuru Mola kwa sauti. Mnunuzi nimemtumia ujumbe: shamba haliuzwi. Nikamwambia Mumbe nimeoa profesa. Akaniambia nishike ndoo.

Jumanne, 9 Julai
Somo la muhula ujao limetangazwa: nyota! Mumbe amejiandikisha wa kwanza, mimi wa pili. Nimesikia nyota mpya hupewa jina la aliyeiona kwanza. Hebu fikiria: Nyota Ndambuki, jina langu, juu ya Voi yote, na Harith ainue shingo kuitazama! Wengine wasubiri muhula ufunguliwe. Mimi naanza leo. Nimeshanunua tochi. Kubwa. Popote ilipojificha, nitaimulika.